Kiwanda chetu kina watu 46: tununue ERP au tubaki na Excel?

"Habari za kazi. Mimi ni meneja wa uzalishaji katika kiwanda cha familia kinachotengeneza meza, viti na makabati ya chuma na mbao. Tuko watu 46. Oda tunazipokea kwa simu na barua pepe, ratiba ya uzalishaji iko kwenye Excel yangu, manunuzi yako kwenye Excel ya mwenzangu, mhasibu ana programu yake, na stoo inaendeshwa na mzee mmoja mwenye miaka 19 hapa, kwa madaftari na kwa kichwa chake. Kila wiki kazi inasimama kwa sababu kitu kidogo kimekosekana, na wakati huohuo rafu zimejaa vitu ambavyo hatujavigusa mwaka mzima. Tumetembelewa na muuzaji wa mfumo wa ERP, yaani programu moja inayounganisha oda, stoo, manunuzi, uzalishaji na uhasibu. Alituonyesha skrini nzuri sana, na anasema ndani ya miezi mitatu kila kitu kitakuwa kimekaa sawa. Mkurugenzi, ambaye ni kaka yangu, amevutiwa. Mimi naogopa. Nimesikia mifumo hii imeziyumbisha hata kampuni kubwa, na mzee wetu wa stoo ameshasema hatagusa kompyuta. Je, ni mapema mno kwetu? Au tumechelewa?"

Ndugu yangu, swali lako lina hofu mbili ndani yake, na zote mbili zina msingi. Ya kwanza ni kwamba mtatoa fedha nyingi na kazi itaendelea kusimama vilevile. Ya pili ni kwamba mfumo wenyewe unaweza kuvuruga hata hicho kinachokwenda sasa. Nianze na jibu, kisha nieleze nimelifikiaje. Watu 46 wanaotengeneza bidhaa zenye vipande vingi si wachache mno kwa ERP, na hamjachelewa. Ila mkiuwasha mfumo ndani ya miezi mitatu, stoo ikiwa kama ulivyoieleza, mtaumia. Kuna kazi inayotangulia, na kazi hiyo hakuna muuzaji anayeweza kuwafanyia.

Tufungue kwanza injini, maana kwenye maonyesho ya mauzo watu huonyeshwa rangi na grafu tu. Jina ERP lilianza kutumiwa na kampuni ya utafiti ya Gartner mwaka 1990, lakini kwa kiwanda moyo wa mfumo ni wa zamani zaidi. Ni hesabu ya mahitaji ya malighafi, MRP, ambayo Joseph Orlicky wa IBM na wenzake waliieneza viwandani kuanzia miaka ya 1960. Hesabu yenyewe haina maajabu. Anayejua kutoa na kuzidisha anaiweza.

Chukua mfano wa kwako. Mteja anataka meza 100 zikabidhiwe mwisho wa wiki ya 10. Mfumo unatazama stoo na kukuta meza 20 zimekwisha kutengenezwa, kwa hiyo zinatakiwa 80. Unafungua orodha ya vifaa vya meza moja, ile ambayo watu wa mifumo huiita BOM, na kukuta miguu 4, ubao 1, boliti 8, na kadhalika. Unazidisha kwa 80: boliti 640. Unarudi stoo: boliti zilizopo ni 400, na nyingine 100 zimeshaagizwa na ziko njiani. Zinapungua 140. Kisha unahesabu kalenda kinyumenyume. Kuunganisha meza huchukua wiki 1, na boliti tangu kuagizwa hadi kufika huchukua wiki 3, basi oda ya boliti lazima itoke kabla wiki ya 6 haijaisha. Hivyo hivyo kwa kila kifaa na kwa kila oda, kila usiku, bila kuchoka wala kusahau.

Hicho ndicho mnachokikosa leo. Excel si mbaya, na nawajua watu waliopangia viwanda vizima kwa Excel. Shida ni kwamba faili lako halijui mwenzako aliagiza nini jana jioni, na faili la mwenzako halijui kwamba asubuhi ya leo umebadilisha ratiba. Ndiyo maana kifaa kimoja kinakosekana huku kingine kimerundikana. Kila mmoja wenu anafanya kazi yake vizuri, lakini kila mmoja anaifanya juu ya picha yake mwenyewe ya kiwanda.

Sasa rudi kwenye mfano wa boliti ujiulize namba zimetoka wapi. Zile 400 zimetoka stoo. Zile 8 kwa meza zimetoka kwenye BOM. Zile wiki 3 zimetoka kwa mtu wa manunuzi. Zote tatu zimeingizwa na binadamu, na mfumo unaziamini zote sawasawa. Kama boliti ni 250 badala ya 400, hesabu itaendelea kwa utulivu uleule, itaagiza 140, na siku ya kuunganisha meza mtapungukiwa boliti 150. Mtasema mfumo ni mbovu. Utakuwa umefanya ulichouambia.

Kuna hesabu moja ndogo ambayo natamani kila mkurugenzi aifanye kabla ya kusaini chochote. Tuseme meza yenu ina vifaa 10 tofauti, na rekodi za stoo ni sahihi kwa asilimia 95, yaani katika kila vifaa 100, vitano vina namba isiyolingana na rafu. Asilimia 95 inasikika vizuri. Lakini ili meza itoke, rekodi za vifaa vyote 10 lazima ziwe sahihi kwa wakati mmoja. Zidisha 0.95 kwa yenyewe mara kumi, unapata kama 0.60. Kwa hiyo katika kila oda 10, nne zina angalau kifaa kimoja chenye namba ya uongo. Usahihi ukiwa asilimia 80, unabaki na nafasi moja kati ya kumi tu ya kukuta vifaa vyote viko kama vilivyoandikwa. Si kila uongo unaosimamisha kazi, kwa sababu wakati mwingine rafu ina zaidi ya kilichoandikwa. Lakini hapo utakuwa umeagiza usichohitaji, na hizo ndizo rafu zako zilizojaa.

Ndiyo maana wataalamu wa MRP, tangu kizazi cha Oliver Wight, mshauri wa viwanda aliyeieneza MRP pamoja na Orlicky, wamekuwa wakisisitiza viwango viwili: rekodi za stoo ziwe sahihi angalau kwa asilimia 95, na BOM kwa asilimia 98. Mkiwa chini ya hapo, mfumo unawapa makosa kwa kasi.

Niruhusu nikusimulie kilichonifunza hili. Niliwahi kuitwa kwenye kiwanda cha makabati kilichokuwa kimewasha mfumo wiki saba kabla. Malalamiko yalikuwa kwamba programu inahesabu vibaya. Skrini ilisema bawaba 1,240. Nilikwenda na mtunza stoo hadi kwenye rafu, tukashusha makasha, tukakaa chini sakafuni na kuzipanga kumi kumi. Zilikuwa 386. Nikamuuliza zamu ya usiku huchukuaje vifaa yeye akiwa nyumbani. Hakujibu. Alikwenda akausukuma mlango wa stoo mpaka ukagusa ukuta, akanionyesha upande wake wa nyuma. Ulikuwa umejaa chaki: "baw 40", "baw 60 Jmosi", "skrubu kasha 1", mistari mingine imefutwa nusu na mabega ya watu wanaopita. Usiku hapakuwa na mtu wa kuingiza kitu kwenye kompyuta, kwa hiyo mafundi waliandika walipoweza kuandika. Hakuna aliyeiba. Programu ilikuwa nzima kabisa. Katika miezi yote ya mradi hakuna aliyewahi kuuliza usiku vitu vinatokaje.

Nawe stoo yako ina mlango wa namna hiyo mahali fulani. Kazi yenu ya kwanza ni kuutafuta. Rekodi huharibika kwa njia chache zinazojulikana: mzigo umepokelewa na kutumika kabla haujaandikwa, kilichoharibika kimetupwa bila kuandikwa, kifaa kimoja kina majina mawili kwenye vitabu viwili, msambazaji anauza kwa kilo, stoo inapokea kwa kasha, fundi anatumia kwa kipande, na hakuna aliyekubaliana na mwenzake kasha lina vipande vingapi. Hili la vipimo peke yake limewahi kunichukulia wiki nzima kulinyoosha.

Anza hivi, hata kesho, bila kununua chochote. Chagua vifaa 10 kwa bahati nasibu, soma kilichoandikwa, kisha nenda ukahesabu. Andika vingapi vimelingana. Vinavyopimwa kwa mizani, kama boliti, vipe uvumilivu mdogo, tuseme asilimia 2 juu au chini. Mashine na vioo usivipe hata kimoja. Rudia kila siku ya kazi na vifaa vingine 10. Mwisho wa mwezi utakuwa na namba ya kiwanda chako, na nakuomba usishtuke ikiwa ndogo. Kisha kila tofauti unayoikuta usiirekebishe tu kwenye daftari. Ifuatilie mpaka ujue ilizaliwaje, kwa sababu ile ile iliyoizaa itaizaa tena. Mkishazoea, vifaa vichache vyenye thamani kubwa vihesabuni kila mwezi, vya kati kila miezi mitatu, na vidogo mara moja au mbili kwa mwaka. Mtaachana na ile hesabu ya mwisho wa mwaka inayofunga kiwanda siku mbili na kusahaulika siku ya tatu.

BOM nayo ina mitego yake, na mingi haionekani ukiwa ofisini. Hebu tutazame miguu ya meza. Mguu mmoja una urefu wa sentimita 72, na bomba la chuma linakuja la mita 6. Aliye ofisini anaandika kwamba meza moja inatumia mita 2.88 za bomba. Kwa meza 100 ni mita 288, yaani mabomba 48 kamili. Nenda sasa kwenye msumeno. Bomba la mita 6 linatoa miguu 8, linabaki kipande cha sentimita 24 pungufu ya unene wa msumeno, na hakitoi mguu. Miguu 400 gawa kwa 8 ni mabomba 50. Kwenye karatasi hakuna kosa lolote, na bado mtapungukiwa mabomba mawili kila meza 100, mpaka mtu aandike BOM kwa namna anayekata bomba anavyokata. Kwa hiyo usimpe kazi hii kijana wa kompyuta peke yake. Mkalishe karibu na mkataji, mchomeleaji na mpaka rangi, na bidhaa moja iwe mbele yao imefunguliwa kipande kwa kipande.

Hapo muulize pia muuzaji swali moja la kiufundi. Mifumo mingi ina njia ya kupunguza stoki yenyewe: fundi akitangaza meza 10 zimekamilika, mfumo unatoa boliti 80 bila mtu kuziandikia hati. Ni njia nzuri sana kwa vifaa vidogo na inaokoa karatasi nyingi. Lakini inatoa kilichoandikwa kwenye BOM, si kilichotumika kweli. Boliti 6 zilizoanguka na kupotea, au ubao uliopasuka, havionekani popote. Mimi huipendekeza kwa vifaa vya bei ndogo pamoja na kuhesabu mara kwa mara, na naikataa kwa mbao, chuma na vioo mpaka kiwanda kiwe na mazoea ya kuandika vilivyoharibika.

Nije kwenye hizo habari za kampuni kubwa zilizoyumba, maana umezisikia na ni za kweli. Hershey, watengenezaji wa chokoleti wa Marekani, waliwasha mfumo mpya Julai 1999, kazi iliyopendekezwa ichukue miaka minne wakiwa wameibana kuwa miezi 30, na tarehe ikaangukia wakati maduka yanaagiza peremende za Halloween. Oda za kama dola milioni 100 hazikuweza kupelekwa ingawa bidhaa zilikuwepo. Lidl, maduka ya Ujerumani, mwaka 2018 waliachana na mradi wa miaka saba ulioripotiwa kula kama yuro milioni 500. Sababu moja iliyotajwa sana ni kwamba wao walithamini stoki kwa bei ya kununulia, mfumo ukiwa umejengwa kwa bei ya kuuzia, na waliamua kuubadili mfumo badala ya kubadili utaratibu wao. Katika habari hizi kuna mambo mawili yanayomhusu hata mtu mwenye kiwanda cha watu 46. Usiwashe mfumo karibu na msimu wako wa oda nyingi, na usiende mbali katika kuukata na kuushona upya mfumo ili ufanane na mazoea yenu.

Hili la pili linaleta ugomvi kila mahali ninapolisema, kwa hiyo nilifafanue. Mazoea mengi ya kiwanda kidogo yamezaliwa na mazingira ya zamani: hati inasainiwa na watu wanne kwa sababu mwaka fulani kulitokea wizi. Hayo yaache yaende. Lakini kuna jambo moja au mawili ambayo wateja wenu wanawapendea, labda mnakubali kubadilisha vipimo vya kabati hata siku mbili kabla ya kukabidhi. Hilo mlilinde, na ndilo mfumo uulizwe kama unaliweza. Kila marekebisho ya programu mnayoyalipia leo, mtayalipia tena kila toleo jipya litakapokuja.

Sasa mzee wenu wa stoo. Nimeacha nafasi kwa ajili yake kwa sababu katika barua yako nadhani yeye ndiye ufunguo, na nahofia mnamwona kama kizuizi. Miaka 19 amekuwa ndiye MRP yenu. Anajua msambazaji gani akisema wiki mbili maana yake ni nne. Anajua boliti zipi zinaweza kushika nafasi ya zipi. Mtu wa namna hiyo akisikia "mfumo mpya", anasikia kwamba alichokijenga kichwani hakina thamani tena, na pengine anasikia kwamba anashukiwa. Akisema hatagusa kompyuta, huenda anasema hataki kuaibishwa mbele ya vijana aliowafundisha kazi.

Mwende wewe na kaka yako, mkae naye stooni kwake na si ofisini kwenu. Mwambieni wazi mambo matatu, na mambo hayo yawe kweli: kazi yake ipo, hesabu ya kwanza ikionyesha pungufu hakuna atakayeulizwa, namba mpya itaandikwa na safari itaanza hapo, na yeye ndiye atakayesimamia kuhesabu. Mpeni msaidizi anayeandika kwenye kompyuta, yeye akiwa ndiye anayethibitisha kila namba. Nimeona wazee waliokataa kompyuta mwezi wa kwanza wakiulizia nywila yao mwezi wa tatu, baada ya kuona kwamba skrini inawaondolea simu za saa nne usiku. Nimeona pia wengine ambao hawakuigusa hadi walipostaafu, na stoo ikaenda vizuri kwa sababu msaidizi alikuwa mwaminifu na mzee alikuwa na sauti. Njia zote mbili zinafaa. Isiyofaa ni kuutangaza mfumo kama dawa ya wizi. Siku hiyo kiwanda kizima kitajifunza kuukwepa.

Na nani aongoze mradi? Si muuzaji, wala si kijana wa kompyuta. Ni wewe, au mtu wa cheo chako, na apunguziwe kazi zake za kawaida angalau nusu kwa miezi hiyo. Hapa ndipo gharama kubwa ilipojificha. Leseni huonekana kwenye ankara. Saa za watu wenu za kusafisha orodha za vifaa, kuandika BOM, kujifunza na kukosea, hazionekani popote, na kwenye viwanda vidogo nilivyovishuhudia mara nyingi zimezidi leseni. Mwambie kaka yako azihesabu kabla ya kusema bei ni nafuu.

Kuhusu njia zilizo mbele yenu, nitasema ninavyoona. Mnaweza kubaki na Excel lakini mkaunganisha mafaili kuwa moja na kuinyoosha stoo. Kama bidhaa zenu ni chache na hazibadiliki, hii inaweza kuwatosha miaka miwili zaidi, na sioni aibu yoyote ndani yake. Mnaweza kuchukua mfumo lakini mkaanza na stoo na manunuzi tu, uzalishaji ukafuata baadaye na uhasibu mwisho. Kwa kiwanda kama chenu, hii ndiyo ningeichagua. Kuwasha kila kitu kwa siku moja kuna faida ya kutokuwa na mifumo miwili inayoongea kwa taabu, lakini kunahitaji watu wa akiba ambao nyinyi hamna.

Kuna mifumo ya chanzo huria, kama ERPNext na toleo la jumuiya la Odoo, ambayo haidai ada ya leseni na ina sehemu za uzalishaji zinazofaa kabisa viwanda vidogo. Iangalieni kwa uzito. Ila mjue mnachosamehewa ni leseni tu. Atakayeisimika, kuitunza na kuijibia ikikwama lazima alipwe, na toleo hilo la Odoo halina uhasibu kamili uliomo kwenye toleo la kulipia. Njia ninayowakataza ni kumpa mtaalamu mmoja wa programu awaandikie mfumo wenu kuanzia mwanzo. Hata akiwa hodari, siku akipata ajira kwingine mtabaki na kitu ambacho hakuna mwingine anayekielewa.

Mfumo ukae kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kampuni nyingine mnazozifikia kwa intaneti, au kwenye seva yenu wenyewe? Kama hamna mtu wa kudumu wa kompyuta, chukueni wingu. Nakala za akiba na marekebisho ya usalama ni kazi ya kila siku, na seva iliyo chini ya meza ya mhasibu haifanyiwi hata moja. Sharti ni intaneti, kwa hiyo muwe na njia ya pili ya kuunganishwa, na stoo iwe na hati za karatasi zenye namba za mfululizo za kutumia mtandao ukikatika, ziingizwe siku hiyohiyo.

Muuzaji akirudi, msimpe nafasi ya kuonyesha data zake za mfano. Mpeni bidhaa yenu moja ngumu, na oda moja ya kweli iliyowasumbua: mteja alibadilisha idadi katikati, ubao mmoja ukapasuka, msambazaji akaleta nusu. Mwambieni aipitishe mbele yenu tangu oda hadi ankara. Ombeni kuzungumza na kiwanda cha ukubwa wenu anachokihudumia kwa zaidi ya mwaka, na mzungumze na mtunza stoo wao, si mkurugenzi. Kwenye mkataba, iandikwe kwamba data ni zenu na mnaweza kuzitoa zote, wakati wowote, katika faili la kawaida linalofunguka kwenye Excel. Malipo yafuate hatua zilizokamilika. Ile miezi mitatu yake huenda ni ya kweli kwa kusimika programu. Kwa kiwanda kilichoanza na madaftari, mimi ningepanga miezi minne hadi sita ya kunyoosha stoo na BOM kwanza, kisha minne mingine ya kuingia taratibu, mkianza na familia moja ya bidhaa, tuseme meza peke yake.

Mtashauriwa muendeshe utaratibu wa zamani na mpya kwa pamoja kwa muda. Kwa hesabu za fedha nakubali, linganisheni hata miezi miwili. Kwa stoo nakataa. Mtunza stoo anayetakiwa kuandika kila kitu mara mbili, ataandika vizuri sehemu moja, na itakuwa ile aliyoizoea. Chagueni mwisho wa wiki katika msimu wenye kazi chache, fungeni stoo, hesabuni kila kitu, ingizeni namba za kuanzia, na Jumatatu madaftari yawe kabatini.

Kuna mahali ambapo maelezo yangu hayatoshi na mnahitaji mtu afike kiwandani kwenu. Mkaguzi wenu wa hesabu awe nanyi siku ya kuingiza namba za kuanzia, kwa sababu namna mtakavyothamini stoki siku hiyo itagusa faida yenu na kodi yenu, na kuigeuza baadaye ni maumivu. Kama usahihi wa stoo hausogei hata baada ya miezi mitatu ya kuhesabu kila siku, mtafuteni mshauri wa uzalishaji asiyeuza mfumo wowote, atembee sakafuni siku mbili tatu, pamoja na usiku mmoja. Kama siku moja mtaanza kutengeneza vitu ambavyo sheria inataka kila fungu lifuatiliwe tangu malighafi hadi kwa mteja, vifaa vya hospitali kwa mfano, tafuteni mtu anayeijua sheria hiyo kabla hamjachagua mfumo. Mkataba nao mpeni mwanasheria ausome kabla hamjasaini, hasa sehemu inayoeleza mtaachanaje na muuzaji mambo yakiharibika, na nani atakayewakabidhi data zenu siku hiyo.